Namba Saba Mlangoni

Desemba iliyopita Mama alimtuma mpwa wangu mjini kununua chanjo ya kideri. Kutoka Puma hadi Singida mjini si mbali, na chanjo yenyewe haipendi joto, kwa hiyo ilipofika saa tisa mtoto hajarudi nilipanda daladala nikamfuata. Nilimkuta kwenye banda la gemu nyuma ya maduka ya sokoni. Chupa ya chanjo ilikuwa miguuni pake, ndani ya mfuko wa barafu iliyokwishakuwa maji. Wenzake wote walikuwa wanacheza mpira. Yeye peke yake, kwenye runinga ya pembeni, alikuwa anaendesha gari jangwani bila kushindana na mtu.

“Shikamoo mjomba. Dakika mbili tu. Natafuta gari.”

“Si hilo unaendesha?”

“Hili ni la kutafutia.”

Nilikuja na maneno yangu tayari, lakini nikavuta stuli. Gemu yenyewe ni Need for Speed Payback, ilitoka mwaka 2017, na nchi yake ni ya kubuni, bonde lenye jangwa, milima na mji wa kamari, kama Nevada ya Marekani iliyopewa jina lingine. Mchezaji hafuati njia moja. Anakwenda anakotaka, anaacha lami, anapanda mlima, anashuka korongo. Na humo ndani, mpwa alinieleza huku vidole vinafanya kazi, kuna magari matano ya zamani yaliyotelekezwa: Ford Mustang, Chevrolet Bel Air, pikapu ya Chevrolet, Volkswagen Beetle, na la tano ndilo alilokuwa analiwinda. Hayanunuliwi. Lazima kwanza uwashinde madereva fulani wanaozurura barabarani, ndipo upate dondoo ya mahali chesisi ilipo. Ukiipata chesisi bado huna gari. Kuna vipande vingine vinne vimetawanywa, kila kimoja na dondoo yake. Ukimaliza vyote unapewa mkangafu wenye kutu, na kuanzia hapo unaweza kulijenga liwe la mashindano ya lami, la kuteleza, au la porini.

Alikipata kipande cha mwisho mbele ya macho yangu. Gari likatokea kwenye kioo: boneti ndefu, kiuno kifupi, taa zimezama ndani kama macho ya mzee.

“Hilo ni Datsun,” nikasema.

“Hapana mjomba. Ni Nissan. Fairlady 240ZG.”

Sote tulikuwa sahihi. Fairlady ndilo jina alilopewa gari hilo kwao Japani. Sisi huku tulilijua ndugu yake, Datsun 240Z, na tulilijua kwa sababu moja tu, Safari Rally. Nilimwambia gari hilo lilipita nchi hii likiwa limejaa matope hadi kwenye paa. Akanitazama kwa adabu, jicho lile ambalo watoto huwatazamia watu wazima wanaodai waliwahi kucheza mpira.

Nilijieleza kwenye daladala, barafu mpya mapajani. Mashindano yale yalianza Mei 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, yakaitwa Coronation Safari, na yalizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye, 1960, yakawa East African Safari. Ukiondoa ukoloni uliomo kwenye jina la kwanza, lilikuwa wazo la ajabu. Barabara hazikufungwa. Magari ya mashindano yalipita humo humo walimopita ng'ombe, mabasi, na wanawake wenye ndoo kichwani. Mvua za Pasaka zilikuwa sehemu ya mtihani. Leo gemu zinasifiwa kwa kuwa na “dunia wazi”, ambamo unashindana huku raia wanaendelea na shughuli zao. Safari ilikuwa hivyo hasa, isipokuwa ng'ombe walikufa kweli.

Walioshinda walikuwa na magari ambayo baadaye tuliyaona yakibeba waalimu wakuu na mapadri. Volkswagen Beetle lilishinda 1954, likarudia 1957 na 1962. Mwaka 1965 Joginder Singh na mdogo wake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 kuukuu. Mwaka 1966 na 1967 mshindi alitoka kwetu, angalau kwa anwani: Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, pamoja na Chris Rothwell, ndani ya Peugeot 404. Halafu wakaja Wajapani. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda 1971 kwa 240Z. Mwaka 1973 ikawa zamu ya Shekhar Mehta na Lofty Drews, gari la aina ile ile. Mehta alikuwa mzaliwa wa Uganda, mmoja wa Wahindi waliofukuzwa na Idi Amin mwaka uliotangulia. Alimaliza pointi sawa kabisa na Harry Källström wa Sweden, na ikabidi kanuni ziamue. Angekuja kushinda mara nne nyingine.

“Na hayo magari sasa yako wapi?” mpwa akauliza.

Lile la 1971 najua. Liko Japani, kwenye hifadhi ya Nissan wenyewe, na 2013 wafanyakazi wao walilifungua wakalifufua hadi likanguruma tena. Lakini hakuwa anauliza hilo. Alikuwa anauliza kama kuna moja limebaki huku. Na hapo nikanyamaza, kwa sababu katika nyumba yetu swali hilo lilikuwa na jibu lake tangu nikiwa mdogo, na nilikuwa nimeacha kuliamini bila kumwambia mtu.

Baba alikuwa fundi makanika. Gereji yake ilikuwa Singida mjini, lakini nyumba ilikuwa Puma, na uani pa nyumba hiyo, chini ya mwarobaini, kuna Peugeot 404. Kwetu hakuna anayetamka Peugeot. Ni Pijo. Mimi nilipopata akili lilikuwa halitembei tena. Rangi yake ya asili ilikuwa nyeupe, na kwenye mlango wa kulia, ndani ya duara, kulikuwa na namba 7 nyeusi. Baba alituambia hilo ni gari la Safari. Si la kufanana, lenyewe. Mwaka 1968 magari zaidi ya 90 yaliondoka, mvua ikayameza, yakafika saba tu. Pijo letu, alisema, lilikuwa la saba.

Sehemu kubwa ya hadithi hiyo ni historia safi. Mwaka 1968 ni kweli walimaliza saba, na watu wa mashindano hadi leo wanawaita Saba Wasiozama, kama walivyowaheshimu saba wengine waliofika 1963. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, na miaka yote miwili alikuwa ndani ya 404. Kwa hiyo mtu akikwambia ana 404 iliyofika 1968, hajakwambia jambo la kipuuzi. Ndiyo maana niliamini hadi nilipokuwa chuoni.

Kilichonivunja ni kitu kidogo. Niliona picha za zamani za mashindano, nikagundua kwamba namba ya mlangoni hutolewa kabla gari halijaondoka. Ni namba ya kuanzia, haina habari na nafasi utakayomaliza. Gari la saba kufika halipakwi saba. Anayepaka hivyo ni mtu aliyesikia matokeo redioni. Baba alikuwa amekufa tayari, 2009, na sikuona faida ya kumuuliza Mama. Nikaiacha hadithi pale pale uani, kuku wakailalia. Hilo si fumbo: tangu miaka ya tisini Pijo ni banda la kuku. Viti vilitolewa, vijiti vya kulalia vikapitishwa kutoka dirisha hadi dirisha.

Niko nyumbani Desemba hiyo kwa sababu hiyo pia. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amepita akataja bei kwa kilo, ndugu zangu wawili wakapiga simu kusema sawa, liuzwe, na mimi nilitakiwa kusimamia mizani.

Mpwa hakujua habari ya namba. Alipofika alikwenda moja kwa moja uani, akainama dirishani, akatoka na manyoya kichwani. “Mjomba, hili ni la kufufua.” Akaniambia kuna gemu nyingine, Forza Horizon, ambayo tangu toleo lake la kwanza la 2012 imekuwa ikificha magari ndani ya mabanda. Redio ndani ya gemu inaleta uvumi, duara linachorwa kwenye ramani, unazunguka humo hadi ulione banda bovu. Milango inafunguliwa, vumbi linapanda, na ndani kuna gari zima la kihistoria. Fundi analichukua, baada ya muda anakuita ukalichukue linang'aa.

Huko duniani mambo hayo hutokea. Magharibi mwa Ufaransa kuna familia iliyokuwa na magari kama 60 yakiozea mabandani, na Februari 2015 yalipigwa mnada Paris. Ferrari moja iliyokuwa imefukiwa na marundo ya magazeti ilifika zaidi ya yuro milioni 16. Nilipoisoma habari hiyo sikushangazwa na bei. Nilishangaa kwamba kuna watu waliweza kuacha gari 60 zikae. Hapa Singida kitu cha chuma hakikai. Springi ya lori inakuwa panga, rimu inakuwa jiko, tairi linakuwa viatu na mpira wa ndani unafunga mizigo kwenye baiskeli. Ukitaka kuficha gari kwetu, uhodari wako si kulifungia, ni kuwazuia watu wasiombe bolti moja moja.

Basi tulilikagua Pijo, mimi kwa jicho la mwanahistoria aliyekwishaamua na yeye kwa jicho la mchezaji. Kwenye dashibodi, upande wa abiria, kulikuwa na matundu manne yaliyotobolewa kwa mkono. Mpwa akasema hapo palikaa saa ya kupimia muda. Chini ya injini, au pale injini ilipokuwa, kulikuwa na kipande cha bati nene kimefungwa kukinga sampo. Akasema hiyo ndiyo kinga ya Safari. Nikamwambia kila gari lililopita njia ya Sekenke enzi zile lilikuwa na kinga kama hiyo, kwa sababu mawe ya mteremko ule hayakuuliza kama unashindana. Akakasirika kidogo. “Basi tumuulize Bibi.”

Ndiyo namna Mama alivyoulizwa, jioni ile, akiwa anawashika kuku mmoja mmoja na kuwadondoshea chanjo jichoni. Nami nikatamani nizuie, maana niliona namwondolea mjane hadithi ya mume wake.

“Gari la Safari?” Mama akasema. “Hiyo saba aliipaka mwenyewe. Mimi ndiye nilimshikia kopo la rangi.”

Akatuambia bila kuacha kuku. Gari lilinunuliwa 1976 kwa mfanyabiashara wa Singida mjini aliyekuwa anahama. Matundu ya dashibodi yalikuwa ya redio. Baba aliwahi kuyaona magari ya Safari kwa macho yake akiwa kijana, huko Mbulu, kaskazini yetu, alikokwenda kujifunza ufundi. Alisimama kwenye matope usiku kucha na wenzake, wakasukuma gari la mtu aliyekwama, na mtu huyo hakufika mwisho. “Ndipo akasema lake litafika. La kwake, na yeye mwenyewe.” Namba aliipaka mwaka 1977, na mwaka huo huo mpaka na Kenya ukafungwa.

Nilikuwa najua mwezi: Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki inavunjika. Lakini nilikuwa sijawahi kuufunga mpaka huo na gari letu. Mashindano yenyewe yalikuwa yameshajikunyata yakabaki Kenya tangu katikati ya miaka ile. Sasa na spea zikabaki huko huko. Halafu vita ya Kagera, 1978 na 1979, magari ya raia yakaenda na jeshi, na fedha za kigeni zikaisha. Petroli ikawa ya kupanga foleni. Baba aliliweka Pijo hai kwa spea za njia za panya, zilizovushwa usiku Namanga au Tarakea, bila risiti. Giaboksi moja nzima, kabureta mbili, gasketi, brekishuu. Aliziweka chini ya kitanda. Mama alizifahamu kwa sababu alizilalia.

Mwaka 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi. Walioishi wakati ule wanakumbuka mwanzo wake kwa vitu vilivyookotwa: sabuni vichakani, vitenge mitoni, vyote vimetupwa usiku na watu walioogopa kukutwa navyo. Walanguzi wakubwa walikuwepo kweli, na wengi waliifurahia vita ile. Fundi wa Puma mwenye giaboksi moja isiyo na risiti hakuwa mlanguzi, lakini ni nani angekaa amsikilize akieleza? Jirani mmoja alikuwa amechukuliwa kwa sababu ya mabati.

“Tukachimba,” Mama akasema. “Usiku. Yeye na mimi. Wewe ulikuwa unalala, tulikufunga kitenge mlangoni usisikie.”

Walichimba nyuma ya zizi, wakazifunga spea kwa mafuta ya grisi na magunia, wakafukia, wakahamishia mbolea ya ng'ombe juu yake. Sokoine akafa kwa ajali ya gari karibu na Morogoro, Aprili 12, 1984. Baba alilia, Mama alisema, alilia kweli, na bado hakuthubutu kufukua. Alisubiri masika mawili yapite. Wakati huo serikali ilikuwa imeshaanza kuwaruhusu watu walete bidhaa kwa fedha zao za nje, na spea zile zingeweza kukaa juu ya meza mchana kweupe. Alipofukua, maji ya mbolea yalikuwa yamepita kwenye magunia. Kabureta zilikuwa unga. Meno ya giaboksi yameshikana.

“Akaishika hivi,” Mama akaonyesha, kuku amempakata. “Hakusema kitu. Kesho yake akawaambieni ni gari la Safari.”

Nimeifikiria sana sentensi hiyo tangu Desemba. Nilikuwa nimemhukumu Baba kama shahidi mwongo, nikamkamata kwa namba, nikajisifu. Sikuwa nimeuliza hadithi ilianza lini. Ilianza siku gari lilipokufa. Kama ningepewa ushahidi huo wakati niko chuoni ningeuandika kwenye daftari kama chanzo kisichoaminika, nikapita.

Mpwa yeye hakuonekana kuvunjika moyo hata kidogo. Alikaa kimya, halafu akauliza swali la mchezaji: “Kwa hiyo vingine viko wapi?” Na Mama, ambaye nilidhani amechoka, akaanza kuhesabu. Ekseli ya nyuma iko chini ya mkokoteni wa punda wa jirani yetu wa pili, inabeba alizeti kila mwaka. Kiti cha nyuma kiko kibarazani kwa shangazi, kimeshonewa kitambaa kipya. Injini iliuzwa 1991 kwa mtu wa Manyoni, pesa ikanilipia ada ya sekondari. Hilo nalo nilikuwa silijui, nilidhani ni mtama. Usukani, wenye kijiti chake cha gia pembeni kama zilivyokuwa 404 nyingi, uko darini, panya waliuacha.

Asubuhi mpwa alitaka twende tukavione. Tulikwenda. Mwenye punda alitucheka lakini aligeuza mkokoteni, akatuonyesha ekseli, akasema haiuzwi. Kwa shangazi tulikalia kiti, tukanywa chai. Mtoto akapiga picha kila kitu kwa simu, akaziweka kwenye folda moja, akaipa jina la gemu.

Mnunuzi wa vyuma alikuja saa nane na mizani yake ya ndoano. Nilianza kumweleza Mama bei, nikataja na maneno ya ndugu zangu. Alinisikiliza hadi mwisho.

“Sawa, baba. Na kuku walale wapi?”

Yule bwana alisubiri kidogo, akaona hakuna wa kumjibu Mama, akanunua sufuria mbili zilizotoboka na sahani ya jembe la ng'ombe, akaondoka.

Usiku tulikula ugali jikoni. Mpwa alikuwa anakwangua ukoko, bado anahesabu kwa vidole: bodi, ekseli, kiti, injini, usukani.

“Bibi, na ile giaboksi iliyoharibika? Aliitupa?”

“Alitoa yale meno, ganda akampelekea mfua sufuria wa mjini,” Mama akasema. “Ndiyo hiyo unayokwangua.”

Mpwa aliiinua, akaigeuza kwenye mwanga wa taa, akaanza kuitazama kitako chake.